Zamu ya Aicha

Ukiingia soko la Kasongo, mashariki mwa Kongo, ukauliza Naomie anakaa wapi, watakuuliza Naomie yupi, maana wako wengi. Sema Naomie Na Kama, na mwenye pikipiki wa kwanza atakupakia bila neno zaidi. Jina hilo alipewa na mama yake, Marcelline, na halikuwa la sifa. Tangu alipojua kusema, Naomie hakuweza kuambiwa jambo likaishia hapo. Ukimtuma maji, na kama kisima kina watu? Ukimwambia akungoje mlangoni, na kama usiporudi? Katekista alipofundisha habari za safina, Naomie akataka kujua ingekuwaje kama mvua ingeanza kabla ya mbao kupigiliwa misumari. Alitolewa nje akamalizia somo chini ya dirisha.

Marcelline alikuwa akisema kwamba maswali hayo yatamkosesha binti yake mume. Hayakumkosesha. Alimpata Dady, mwenye pikipiki wa njia ya Wamaza, mtu mpole ambaye mpaka leo, kabla ya kila safari, husimama uani na kofia mkononi akingoja mkewe amalize: na kama mnyororo ukikatika, na kama mto umejaa. Wenzake humcheka. Lakini wao ndio hulala njiani, yeye huwa na mnyororo wa akiba mfukoni.

Wengine husema Naomie aliurithi ugonjwa huo kwa baba yake, Pierre, ambaye alikuwa masoni, fundi wa kujenga kwa matofali. Pierre hakuweka tofali hata moja kabla hajaona plani, mchoro wa nyumba yote, na plani akiiona aliikosoa. Wenye nyumba walichoka naye, wakanung'unika, wakamlipa kwa shingo upande. Nyumba zake bado zimesimama, nyingine zimeezekwa bati mara ya pili juu ya kuta zilezile.

Naomie hakwenda kwenye matofali. Alikwenda Kindu kusoma kompyuta, na mwanzoni aliteseka kama wote. Aliandika programu mstari kwa mstari, akirekebisha kosa moja yanazaliwa mawili. Mwalimu mmoja, bwana Kamaldine, ndiye aliyemwonyesha njia nyingine. Usiiambie mashine namna ya kufanya kazi, alimwambia. Iandikie kwa lugha ya hesabu, isiyo na mafumbo, ni vitu gani vipo, ni jambo gani lisivunjike hata siku moja, na ni jambo gani lazima litimie mwishowe. Iko programu itakayopima kila njia ambayo mambo yanaweza kupita. Ikiridhika, inaiandika tovuti yote yenyewe, kurasa zake, vitufe vyake na kumbukumbu zake, wewe hugusi kitu. Isiporidhika, haiandiki hata herufi. Inakutolea mfano wa jinsi mambo yatakavyoharibika, halafu inakungoja.

Naomie aliipenda palepale. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amekutana na kitu chenye maswali kuliko yeye. Aliipa jina Masoni, kwa heshima ya baba yake, akarudi nayo nyumbani.

Sasa ana chumba kimoja nyuma ya soko, na paneli ya jua juu ya bati. Amekwisha kutengenezea shule moja tovuti ya alama za wanafunzi, na mwenye duka la dawa tovuti ambayo haikubali kabisa dawa itoke kama tarehe yake imepita. Wateja wapya humdhania mvivu, kwa sababu hawamwoni akiandika sana. Wanamwona akiuliza. Mwenye duka la dawa alifikia kunyanyuka kitini. "Mama, mimi nilikuja juu ya programu, sikuja ku polisi," alisema. Akaketi tena, kwa sababu swali lililokuwa limemchoma lilikuwa la kweli.

Lakini kazi ninayotaka kuisimulia ni ya nyumbani kwao, na ndiyo iliyomtoa jasho.

Marcelline ana likilimba. Asiyejua likilimba ni nini, ni hivi: leo wote tunakulimia wewe, kesho wote tunamlimia mwingine, mpaka kila mmoja shamba lake limelimwa kwa mikono ya wote, na wewe kazi yako siku ya zamu yako ni kupika chakula cha kushibisha. Hii aliianzisha na rafiki yake Feza, wakiwa bado wasichana wenye watoto wa mgongoni, Marcelline wa upande wa misheni, Feza wa familia za zamani za Kiislamu za mjini. Kila mmoja alileta jirani zake. Mwaka hadi mwaka ikakua, ikafika mpaka kwa wanawake wenye mashamba kwenye njia ya Nyangwe. Watu walikuwa wakisema ukitaka kumsengenya Feza, tafuta mahali Marcelline hayupo, na hutapata.

Halafu mwaka huu Feza akatuma ujumbe. Yeye na wanawake wa upande wake watajitoa, watalima peke yao. Sababu, walisema, ni kwamba siku zinachanganyika. Na kweli zilikuwa zinachanganyika, watu walikuwa wengi mno kupanga kwa mdomo, na mara nyingine wawili waliita siku moja na majembe yakagawanyika njiani. Lakini Feza hakuja kusema mwenyewe. Na alipokutana na Marcelline sokoni hakumwita Marcelline. Alimwita Mama Naomie, kwa adabu nzuri, kama mtu amwitavyo mke wa jirani asiyemzoea. Marcelline naye akamjibu Mama Hamadi, kwa jina la mwanawe wa kwanza, wakaagana.

"Kama wanataka kwenda, waende," Marcelline alimwambia binti yake. "Mimi siko na shida." Alikuwa akimenya muhogo, na aliumenya mpaka ukabaki mwembamba kama kidole. Naomie alimtazama, akaona wazi kwamba mama yake anaumia, na kwamba mvua za kwanza zikinyesha kabla ya mambo hayo kupatanishwa, likilimba itakufa na urafiki ule utakufa nayo.

"Basi nitaipangia siku," alisema Naomie. "Mutu atafungua telefone yake, ataona zamu ni ya nani. Hakuna kuchanganya tena."

"Fanya," alisema Marcelline, kama mtu asiyejali. Kesho yake alikwisha kuwaita wanawake uani.

Sheria zilitoka haraka, maana wote walizijua tangu zamani. Shamba moja kwa siku. Hakuna anayelimiwa mara ya pili kabla wenzake wote hawajalimiwa. Aliyelima na hajalimiwa anatangulia. Mwenye zamu aitike mapema, ili apike. Na sheria mama, ambayo Albertine, mwenye sauti ya kufika ng'ambo, aliitangaza kama anaisomea kanisani: kila aliyelima, lazima siku moja alimiwe. Naomie aliziandika zote kwa lugha ya Masoni, akatulia mbele ya kioo cha kompyuta akijua kazi imekwisha.

Masoni ikakataa.

Ilizikubali zote isipokuwa ile sheria mama. Kama kawaida yake, ikamwekea mfano. Mwanachama mmoja analima kwa wote. Zamu yake inafika. Anaitwa, haitiki. Anaitwa tena, haitiki. Zamu inasimama kwake milele, yeye halimiwi, na walio nyuma yake hawalimiwi.

Naomie akawarudia wanawake na swali hilo, nao wakalishangaa.

"Mutu wa namna hiyo iko wapi?" aliuliza Albertine. "Mutu akiitwa ku shamba lake anaitika mbio."

"Na kama amesafiri?"

"Anatuma mutoto wake ao dada yake."

"Na kama iko mugonjwa?"

"Tunangoja apone," alisema Marcelline. "Anapona."

Naomie akaziongeza sheria hizo mbili, ya msafiri na ya mgonjwa. Masoni ikapima tena, ikakataa tena, kwa mfano uleule. Anaitwa, haitiki.

"Na kama..." alianza Naomie, na palepale akaona nyuso zikigeuka. Mmoja alichungulia sufuria iliyokuwa haijainjikwa. Mwingine alifukuza kuku ambao hawakumkosea kitu. Albertine akasema labda mtu huyo ameenda Kindu. "Akarudi," mwenzake akadakia upesi. Ndiyo, wakasema wote, akarudi.

Hapo Naomie alielewa, na ninyi pia mmekwisha kuelewa. Kwao mtu mzima hatajiwi kifo chake akiwa amekaa mbele yako anakula hewa. Kusema ukifa itakuwa hivi ni kumwonyesha njia mgeni ambaye hakuna anayemtaka. Wanawake wale walikuwa wametunga sheria za likilimba tangu ujana wao, wakazitunga vizuri, wakaacha tundu moja katikati kwa sababu ya adabu. Na kwa miaka yote ile adabu hiyo haikumdhuru mtu, au ndivyo Naomie alivyodhani.

"Hii masini yako iko na mudomo mubaya," Marcelline alimwambia walipobaki wawili. "Ifundishe adabu, ao uizime."

Tuseme ukweli, Naomie alijaribu. Yeye aliyewauliza watu wote kila kitu, swali hili hakuweza kumtamkia mama yake. Alirudi chumbani kwake, akaifuta sheria mama, ili Masoni isiwe na la kupima. Masoni haikugombana. Iliijenga tovuti mara moja, nzuri, yenye vitufe vya kijani na majina yamepangwa. Mtu yeyote angeipokea kwa mikono miwili. Naomie aliitazama kwa muda, akabonyeza huku na huku, na kila kitu kilifanya kazi. Ila sasa ilikuwa ni tovuti isiyoahidi kwamba aliyelima atalimiwa, na bila ahadi hiyo likilimba ni nini? Ni watu wanachoka tu pamoja. Akamfikiria baba yake na plani zake, akaona aibu kidogo. Akaifuta tovuti, akairudisha sheria mahali pake.

Mkutano uliofuata Feza alikuja mwenyewe na wanawake wa upande wake. Walikuja wamevaa vitenge vya kutokea, na Naomie akaingiwa na wasiwasi, maana hakuna anayevaa hivyo kuja kupanga kazi ya jembe. Walikuwa wamekuja kuaga.

"Mama Naomie," alisema Feza, "tumekuja kwa heshima. Hii mwaka tutalima peke yetu."

"Sawa, Mama Hamadi," alisema Marcelline. Akaangalia chini.

"Mama Feza, mbele ya kuondoka, muniache nisome kitu kimoja," alisema Naomie. "Nilipatia masini sheria zetu zote. Inasema kuna mutu mumoja tumemusahau. Haijui jina lake. Inajua tu kitu kilimupata."

Akausoma mfano wa Masoni polepole, kwa Kiswahili chao, bila kuongeza kitu. Mwanamke mmoja alilima kwa wenzake wote. Zamu yake ikafika. Akaitwa, hakuitika. Akaitwa tena, hakuitika. Na shamba lake halikulimwa.

"Huyo ni Aicha," alisema Feza.

Aicha alikuwa mdogo wake. Alikuwa amefariki msimu uliopita, homa ya siku chache, baada ya kulima kwa wote na kabla ya kufikiwa. Naomie alikuwa kwenye mazishi yake. Wote walikuwapo, walilia, walichanga, walipika, na hakuna hata mmoja uani pale aliyekuwa amewahi kuliunganisha jina hilo na zamu mbele ya mwenzake.

"Alilima kwa kila mutu," Feza aliendelea, bila kupaza sauti. "Kwako, Marcelline, alilima mvua ikimupiga. Zamu yake ilipofika hakukuwa mutu wa kuitika. Shamba likaingia nyasi. Watoto wake wamekula muchele wa kununua mupaka leo."

"Juu ya nini haukusema?" aliuliza Marcelline.

"Niseme nini? Niende kwa mutu nimwambie, leta jembe, dada yangu amekufa? Nilingoja muje wenyewe."

Marcelline alipojibu alikuwa akilia, na hakujifuta.

"Mimi nilisema, tutaonekana watu gani, tufike na majembe mahali wenzetu wako wanalia? Nikangoja matanga yaishe. Yalipoisha, mupunga ulikuwa deja umekwisha kuota ku mashamba ya wengine. Nikaona haya, Feza. Hiyo haya njo ilinifunga mudomo. Siku zote niko nasema kesho nitakwenda kumwambia, na kesho naona haya zaidi."

Feza akaketi. Wenzake walipomwona ameketi, nao wakaketi, vitenge vyao vya kutokea na vyote.

Marcelline akamgeukia binti yake. "Andika."

"Niandike nini, mama?"

"Mimi Marcelline, nikikufa." Albertine akaweka kiganja mdomoni. Marcelline akaendelea. "Nikikufa na nimelima, shamba langu lilimwe. Mwenye kubaki nalo njo aitike pahali pangu. Matanga ikiwa haijaisha, wengine walimiwe, lakini zamu yangu haifutwe, ingoje. Ikiisha tu, ipite mbele ya zote. Na wenye kuja na majembe wasione haya, juu sheria njo imewatuma. Andika, usinitazame hivyo."

Naomie aliandika. Kompyuta ilikuwa juu ya kinu kilichogeuzwa, na vidole vyake vilikosea mara kadhaa, kwa sababu si jambo jepesi kuandika kifo cha mama yako kwa lugha ya hesabu huku mwenyewe amekusimamia begani. Alipomaliza, swali likamtoka kwa mazoea, akalikata katikati.

"Uliza," alisema Marcelline. "Leo uliza yote."

"Na kama mwenye kubaki ni mutoto mudogo?"

"Ndugu yake mama ataitika," alisema Feza. "Na kama ndugu hapana, rafiki yake."

Akaliandika na hilo. Masoni ikaanza kupima, na kwa mara ya kwanza wanawake wote walikisogelea kioo, hata wale ambao wiki iliyopita walikuwa wakifukuza kuku. Walingoja. Kisha mstari mmoja wa kijani ukatokea.

"Imekubali," alisema Naomie. "Sasa iko najenga."

Ilipokwisha kujenga, aliwauliza nani alilima msimu uliopita na hakulimiwa, akaingiza. Lilikuwa jina moja tu, na sasa walilitaja wote kwa sauti. Akamwambia Feza afungue kwenye simu yake. Feza alivaa miwani, akafungua, akatazama. Ukurasa ulikuwa umeandika: Zamu ya kwanza, Aicha. Anayeitika, Feza. Chini yake kitufe, Ndiyo.

"Nani amemuweka mbele?" aliuliza Feza.

"Hakuna, Mama Feza. Ni sheria. Yeye njo alingoja kuliko wote."

Feza akalia hapo, kilio cha wazi cha mtu aliyekuwa amekibeba mwaka mzima, na Marcelline akamshika. Nani alimshika nani haikujulikana vizuri, walikuwa wamekumbatiana na simu iko katikati yao. Albertine ndiye aliyewakumbusha kwamba kitufe bado kinangoja. Feza akakibonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu nyingi kuliko ilivyohitajika.

Siku ya shamba la Aicha mvua ilikuwa imenyesha jioni iliyotangulia na udongo ulikuwa laini. Feza alipika bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa mto Lualaba, akapika kana kwamba kuna harusi. Alipofika shambani alimkuta Marcelline amekwisha kuanza mstari wa kwanza, peke yake, kitambaa kichwani. Mwamini, binti mkubwa wa Aicha, bado msichana mdogo, alishika mstari wa pembeni yake. Dady alileta majembe mengine kwa pikipiki, pamoja na mpini wa akiba, na hakuna aliyehitaji kuuliza wazo la akiba lilitoka wapi. Naomie naye alilima, vibaya, kama wanavyolima watu wa kompyuta, na wote walimwambia hivyo.

Jua lilipopanda Feza alisimama kunyoosha mgongo.

"Marcelline," alisema, "na kama mimi njo nitangulie?"

Majembe mawili matatu yalisita hewani, kwa mazoea ya zamani. Marcelline hakuinua kichwa.

"Nitakulimia," alisema. "Nitakulimia vizuri kuliko ulivyonilimia mwaka ule, na kila mustari nitakutukana."

"Naomie, andika na hiyo."

"Ya kulima nimeandika deja," alisema Naomie. "Ya matusi Masoni hawezi kuhakikisha."

"Mimi nahakikisha," alisema Marcelline.

Feza alicheka mpaka akaegemea mpini. Kisha wakarudi kila mmoja kwenye mstari wake, na saa ya kula ilipofika shamba la Aicha lilikuwa limelimwa lote.